Ua wa Nyumba na Adabu ya Maji



Juma hili tunawaalika tutafakari pamoja jambo linaloonekana dogo: ua wa nyumba. Wengi wa watoto wa Myamba wamejenga Same mjini, Moshi na Dar es Salaam, nasi tunawapongeza. Lakini katika nyumba nyingi mpya tunaona desturi moja: mti uliokutwa kiwanjani umekatwa, na uwanja mzima umesakafiwa kwa saruji toka barazani hadi getini. Huo huitwa usafi. Je, mvua ikinyesha, maji yaende wapi?

Hesabu si ngumu. Mvua ya milimita 10 ikianguka juu ya bati lenye eneo la mita za mraba 100 hutoa takriban lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Udongo wenye mimea hunywa sehemu kubwa ya maji ya namna hiyo. Saruji huyasukuma kwa jirani aliyejenga chini. Dar es Salaam ilipofurika Desemba 2011, wakazi wa mabondeni walipoteza nyumba, na wengine uhai. Sababu zilikuwa nyingi, wala hatusemi kwamba ni ua wa mtu mmoja uliowazamisha. Ila mji ni jumla ya nyua zake.

Wazee wetu wa Upare waliijua adabu ya maji. Maji ya kijito yalikusanywa usiku katika ndiva, na mchana yakafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Ndiva na mifereji vilisafishwa kwa msaragambo. Utaratibu huo ulisimama juu ya wazo moja: maji yanayopita kwetu si yetu peke yetu.

Bustani ya mjini yaweza kusimama juu ya wazo hilo hilo. Kwanza, maji ya bati yakingwe katika tangi lenye mfuniko, mbu wasizaliane. Likijaa, yanayozidi yaelekezwe kwenye vitalu vilivyochimbwa chini kidogo ya usawa wa njia, yakazame humo.

Pili, tupande kwa ghorofa kama tufanyavyo milimani, ambako mgomba huukinga mbuni na jua, na magimbi na maharage hukaa chini yake. Same mjini ni kukavu, kwa kuwa milima huzuia mvua itokayo Bahari ya Hindi. Huko mwarobaini ndio uwe kivuli, mbali na msingi wa nyumba. Pembeni mlonge, chini mchicha, na waridi karibu na mlango. Maji yaliyooshea mboga hutosha kitalu kidogo.

Tatu, udongo ufunikwe kwa majani makavu, yasiguse ukuta kwa sababu ya mchwa. Mabaki ya jikoni yawe mboji, yasichomwe pamoja na plastiki.

Kitabu cha Mwanzo kinataja kazi mbili alizopewa mtu bustanini: kulima na kutunza. Saruji haidai matunzo, na ndiyo maana hupendwa. Lakini tumewaona wazee walioteremshwa kutoka milimani wakatunzwe na watoto wao mjini. Wamepewa chakula, dawa na kitanda kizuri. Ila mikono iliyolima maisha yote imekosa hata kitalu cha mchicha, nao hushinda barazani wakitazama sakafu inayowaka jua. Hakuna aliyewatendea ubaya. Hakuna pia aliyewakumbuka fundi alipokuwa akipima uwanja.

Basi, wapendwa, kabla ya mvua za vuli tubomoe walau ukanda wa mita 1 kando ya uzio, tupande mti mmoja na mboga kidogo. Na mama akija kutoka Myamba, tumwachie yeye jembe.

Tunawatakia juma jema.