Kijana Asiyekunywa Chai

Msimu wa korosho Lisekese una harufu yake. Mabibo yaliyoanguka usiku huanza kuchacha kabla jua halijapanda, nyuki wanajaa, na chini ya kila mkorosho kuna mtu ameinama: anaokota bibo, ananyonyoa korosho, anatia kwenye ndoo. Ukiinua kichwa unayaona majabali ya Masasi yamechomoza kwenye tambarare, meusi na makubwa.

Nilimkuta bibi mmoja wa Kimakua shambani na wajukuu zake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, njoo upate chai."

Vikaletwa vikombe na mihogo ya kuchemsha. Mjukuu mkubwa, kijana wa miaka 17, alichukua muhogo, kikombe akakiacha. Hakutoa maelezo yoyote. Bibi ndiye aliyeniambia: "Huyu kabatizwa Dar es Salaam kwa mama yake. Huko kwao chai ni mwiko."

Huko kwao ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi hulijua kama kanisa la Wamormoni. Waumini wake hushika agizo liitwalo Neno la Hekima: hawagusi pombe, tumbaku, kahawa wala chai. Uraka, pombe inayotokana na mabibo hayahaya, kijana angeweza kuukwepa bila mtu kuuliza. Chai ni jambo jingine. Kila mlango anaobisha anakaribishwa kikombe, na mtoto huyu ambaye hata salamu huitoa akitazama chini inambidi akatae, tena mbele ya wakubwa zake.

Tuliendelea kuokota, na huko chini ya miti, mikono ikiwa na kazi, ndipo alipozungumza. Shuleni hakuwahi kunyoosha kidole. Jirani yao alimwalika kanisani, akakuta hakuna mchungaji wa kulipwa; waumini wenyewe hupokezana mimbari, vijana nao wakiwamo. Aliogopa, lakini akarudi. Mama yake alitoa ruhusa, akazamishwa majini. Baadaye akawekwa kuwa kuhani, daraja ambalo wavulana wa kanisa hilo hulifikia wakiwa na umri wa miaka 16 hivi, na kazi yake ikawa kubariki mkate na maji ya sakramenti. Sala hiyo husomwa neno kwa neno. Ukikosea unaanza upya.

"Siku ya kwanza nilirudia mpaka jasho likanitoka," alisema. "Hakuna aliyecheka."

Naamini hapo ndipo moyo wake uliposhikwa. Anaisoma kwa bidii historia ya Joseph Smith, aliyekuwa na miaka 14 tu mwaka 1820 alipoingia msituni, huko New York, kumwuliza Mungu ajiunge na kanisa lipi. Kitabu cha Mormoni anacho kwa Kiswahili, tafsiri iliyotoka mwaka 2000. Nilimwuliza pia kama anajua kwamba hadi mwaka 1978 kanisa hilo liliwanyima ukuhani wanaume weusi. Niliona lazima niulize. Misheni ya Kianglikana ya Masasi ilianzishwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere, akiwa na watu waliokombolewa utumwani, waliotoka Unguja. Kijana wa hapa ana haki ya kujua jambo kama hilo kabla hajajifunga.

"Najua," alijibu. "Liliniuma. Nililiombea, nikabaki."

Bibi naye ana jeraha lake, na halihusu chai. Alimbeba mtoto huyu mwenyewe hadi kwa padri, akabatizwa angali mchanga. Wamormoni hawautambui ubatizo wa makanisa mengine, kwa hiyo akabatizwa tena. "Ule wa kwanza ulikuwa na kasoro gani?" aliniuliza, nami sikuwa na la kumjibu.

Hata hivyo hakumfukuza, na sidhani kama ni upole wake tu. Mjomba wa kijana ni Mwislamu na hula sahani moja na dada zake Wakristo. Kaka za bibi walitahiriwa katika jando la kanisa, lile ambalo Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926, alilijenga kwa kukaa na wazee badala ya kupiga marufuku desturi yao. Wazee walidai mengi na padri naye alidai mengi, na vijana walipata jando na msalaba kwa pamoja. Familia za namna hii zimezoea kujadiliana na dini mpya kwa muda mrefu.

Jioni, tukianika korosho kwenye mkeka, bibi alitoa lililokuwa likimkaa rohoni.

"Na ukifa, nani atakuzika? Hapa kanisa lenu halipo."

Kijana alisimama wima. "Mnizike hapa, bibi, karibu na babu. Padri akikubali kuja, mimi sina neno."

Bibi aligeuza korosho kwa kiganja. "Basi Jumapili nitamwuliza padri."

"Twende wote," kijana akasema. "Nitamwuliza mwenyewe."