Bei ya Bedford la Baba Mdogo

Kosa lilikuwa langu, na nililifanya nikiwa nimekaa tu, simu mkononi, chai ya maziwa mezani.

Ilikuwa masika ya mwaka jana, nyumbani kwa baba mdogo, Maji ya Chai. Nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, limesimama lori aina ya Bedford TJ ambalo halijawaka tangu niko sekondari. Enzi zake lilibeba ndizi, mchanga, mahindi, na siku nyingine maharusi. Watoto wa ukoo tulijifunza kusoma kwenye uso wake, herufi saba za chuma: B, E, D, F, O, R, D.

Asubuhi hiyo alikuja mnunuzi wa vyuma chakavu. Alilizunguka mara mbili, akagonga chesesi kwa kokoto, akataja milioni moja na laki nane taslimu. Angelikata kesho yake. Baba mdogo hakuwa na shida ya lori. Alikuwa na shida ya ada. Binti yake wa mwisho alikuwa anadaiwa laki tisa chuoni na mitihani ilikuwa inakaribia.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe unashinda mtandaoni. Hebu niangalizie, huko kwa wenzetu haya magari yanauzwaje?"

Nikafungua eBay. Seti ya herufi saba kama zile: pauni 180. Usukani: pauni 220. Kabureta: pauni 160. Taa za mbele, jozi: pauni 140. Dashibodi na saa zake: pauni 250. Kila tangazo lilikuwa na neno "adimu". Nikajumlisha nyuma ya risiti ya dukani, nikazidisha kwa bei ya pauni ya siku hiyo, tukavuka milioni tatu.

"Na hapo injini bado," nikasema.

Neno hilo "bado" ndilo lililomfukuza mnunuzi. Baba mdogo alimwambia kwa heshima zote aende salama. Jioni akachukua bisibisi, akazing'oa zile herufi moja moja, akazifunga kwenye kanga ya mama mdogo na kuziweka kabatini.

Rafiki yangu aliyeko Leicester alikubali kututangazia kwa akaunti yake. Tulipiga picha nzuri, herufi zimesuguliwa kwa majivu zinang'aa. Tukaanzia pauni 120, tukijiona wapole. Mnada wa siku saba. Watu kumi na mmoja walitazama. Mmoja aliuliza gharama ya kutuma mzigo kutoka Tanzania; alipojibiwa, akanyamaza. Siku ya saba mnada ukafungwa bila mtu kutaja hata senti. Tukarudia. Ikawa vilevile.

Mitihani ikaanza. Yule binti hakuruhusiwa kuingia. Siku aliyorudi nyumbani na begi lake nilikuwepo. Akanisalimia, "Shikamoo kaka," nikaitikia, akaingia jikoni kumsaidia mama yake. Hakuniuliza chochote kuhusu pauni. Ningefurahi kama angeniuliza.

Wiki hiyo nilikwenda Unga Limited kwa fundi mmoja ambaye ameshika Bedford nyingi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Nilimwonyesha matangazo kwenye simu. Akayatazama moja moja, akafuta grisi kwenye kidole ili apandishe ukurasa vizuri.

"Hizi siyo bei, chalii," akasema. "Haya ni maombi."

Akaniuliza kama nimewahi kwenda mnada wa Kisongo. Nani asiyekwenda Kisongo? Basi, akasema, pale mtu anaweza kutaja laki tano kwa mbuzi wa laki moja, hakuna anayemkataza. Lakini jua likizama, mbuzi ambaye hajauzwa anafungwa kamba anarudi nyumbani, na njia nzima inamwona. "Hawa mbuzi wako wa kwenye simu," akasema, "hawarudi nyumbani."

Usiku nililala na sentensi hiyo. Asubuhi nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu mwanzo: nikatafuta kitufe kinachoonyesha vitu vilivyokwisha kuuzwa. Kipo, na bei zake huandikwa kwa kijani. Herufi kama zetu zilikuwa zimeuzwa kwa pauni 25. Nyingine 18. Kabureta, 40. Lile tangazo la pauni 180 bado lilikuwa hewani, kwa sababu tangazo la bei ya kudumu hujihuisha lenyewe kila mwezi mpaka mwenyewe alifute. Fikiria maana yake. Cha bei nafuu kinanunuliwa na kuondoka machoni. Cha bei ya kuruka kinabaki. Kwa hiyo mgeni anayefungua ukurasa kwa mara ya kwanza anakutana zaidi na vile vilivyoshindikana, halafu anadhani amekutana na soko.

Sisemi kwamba mtandao ni uongo. Mwaka 1995, mwanzilishi wa eBay, Pierre Omidyar, aliweka mnadani kalamu ya leza iliyoharibika, na mtu akainunua kwa dola 14.83 akijua fika kuwa ni mbovu. Mteja mmoja anatosha kukipa kitu bei. Asipokuwepo hata mmoja, hata tangazo lisimame miaka kumi, bei haijazaliwa.

Na huo "uadimu" nao una mahali pake. Bedford TJ lilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1958. Mwaka 1987 General Motors iliuza kiwanda cha malori cha Dunstable, na kampuni iliyokirithi ikafilisika mwaka 1992. Huko leo Bedford ni gari la mzee mstaafu anayelipeleka kwenye maonyesho Jumapili. Analipia ujana wake, na ujana ni ghali. Lakini Pakistan Bedford bado zinabeba mizigo, zimepakwa maua na tausi toka mbele hadi nyuma, na vipuri vyake vinatengenezwa palepale. Kifaa kilekile, sehemu moja ni kumbukumbu, sehemu nyingine ni ugali wa watoto. Mimi nilichukua bei ya kumbukumbu nikampelekea mtu aliyekuwa anatafuta ugali.

Kinachoniuma zaidi ni kazi yangu. Mimi ni mwandishi wa habari. Mkuu wa wilaya akiniambia barabara imekamilika, sikubali. Naenda kuiona, nauliza na mwenye bodaboda. Muuzaji wa kuni nisiyemjua akisema kitu chake ni cha laki sita, niliamini palepale, nikakijumlisha kwenye risiti. Niliamini kwa sababu ilikuwa habari njema, na ilikuwa ya nyumbani.

Mnunuzi wa vyuma alirudi mwezi wa nane akiwa na bei mpya: milioni moja na laki mbili. Safari hii fundi wa Unga Limited ndiye aliyetuokoa. Alimjua mtu wa Karatu ambaye Bedford lake bado linatembea na alikuwa anahangaikia giaboksi. Mtu huyo alikuja, akalala chini ya lori karibu saa nzima, akatoka na majani mgongoni akataja milioni mbili na laki moja. Hakuna aliyebishana. Binti amerudi chuoni, muhula mmoja nyuma ya wenzake. Muhula huo haukuwepo kwenye hesabu yangu ya nyuma ya risiti.

Herufi hazikwenda Karatu. Mnunuzi hakuziulizia, na baba mdogo hakuzitaja. Zipo kabatini ndani ya kanga.

Kila nikienda kumsalimia, ananiuliza kuhusu yule Mwingereza wa pauni 180. Natoa simu, nafungua.

"Bado lipo?"

"Bado lipo, baba mdogo."

Anatikisa kichwa. "Maskini," anasema. "Na yeye kuna mtu alimwambia."