Mbwa wa Ulinzi Naye ni Amana



Ndugu zetu katika imani, suala la mbwa huulizwa sana na watoto wa madrasa, na mara nyingi jawabu lao hukatwa njiani: mbwa ni najisi, basi. Leo tungependa kuwaeleza yaliyotufika sisi hapa Gahanga, huenda familia nyingine ikapata faida.

Kwa miaka minne tulifuga mbwa wa aina ya Boerboel, mbwa wakubwa wa Afrika Kusini waliozalishwa kulinda mashamba. Watoto walimwita Simba, na uzito wake ulifika kilo 60 hivi. Tulimchukua baada ya wezi kuingia zizini. Mtume (S.A.W.) ametahadharisha kuwa anayefuga mbwa hupungukiwa na thawabu zake kila siku, lakini akawavua mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda. Basi Simba alikuwa na banda lake nje, na chombo chake hakikuchanganywa na vyombo vyetu.

Mwaka huu ng'ombe tumewauza, kwani Gahanga inajaa nyumba na malisho yamekwisha. Mifugo ilipoondoka, udhuru wetu nao ukaondoka. Wapo wanazuoni waliokisia ulinzi wa nyumba na ule wa mifugo, nasi tunawaheshimu. Lakini uwanja wetu sasa ni mdogo, ukuta kwa ukuta na majirani, na wanafunzi hupita mlangoni kila jioni.

Wako waliotushauri tumtie sumu, au tukamtupe ng'ambo ya Nyabarongo. Hatukukubali. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mtu alisamehewa madhambi yake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Vipi sisi tumuue aliyetulinda? Mwengine alitupa faranga laki tatu. Hilo nalo tulilikataa, kwa sababu hadithi sahihi zimekataza thamani ya mbwa, na madhehebu yetu ya Shafi hayaruhusu kumuuza hata akiwa wa ulinzi. Ndugu zetu wa Hanafi wana rai nyengine. Tukaamua atolewe bure, kwa mtu anayefaa.

Na huwezi kujua nani anafaa mpaka umjue mbwa mwenyewe. Mbwa wa ulinzi kazi yake ni kutomwamini mgeni. Ukali wake hautokani na chuki. Ameumbwa na kuzalishwa hivyo. Kabla ya kuuma huonya: hukaza mwili, hukodoa macho bila kupepesa, husimamisha mkia, kisha hunguruma. Wengi humpiga mbwa anaponguruma. Hiyo ni hatari, kwa sababu atajifunza kunyamaza, na siku nyengine atauma bila ya kuonya. Na anayefungwa mnyororo kutwa huzidi ukali, maana hana pa kukimbilia.

Mtu wa kwanza aliyemtaka ana watoto watatu wadogo, na alikusudia kumfunga getini. Tulimweleza wazi kuwa Simba hapendi kukaribiwa anapokula. Mke wangu aliuliza, "Si ungemwambia mazuri yake tu, mzigo ututoke?" Lakini kuficha aibu ya kitu unachokitoa ni ghushi, hata kama hupokei senti. Yule bwana alishukuru, akaenda zake.

Kuna jambo jengine ambalo mgeni wa Rwanda huenda asilijue. Katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, mbwa waliobaki bila wenyewe walizifikia maiti, na askari wakawapiga risasi wengi wao. Wapo wazee wetu ambao mpaka leo hutetemeka wakisikia mbwa mkubwa akibweka usiku. Kwa hiyo tuliuliza pia habari za majirani wa kila aliyemtaka.

Hatimaye alipatikana mfugaji wa Bugesera, mwenye ng'ombe wengi, boma lenye uzio, na vijana wakubwa. Hatukumkabidhi siku ile ile. Alikuja mara nne, akakaa naye, akamlisha yeye mwenyewe, mpaka Simba akamzoea. Tulimpa gunia alilokuwa akilalia, lenye harufu aliyoizoea, na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Tukamuusia asimfungulie nje ya uzio wiki za mwanzo, kwani mbwa hutafuta njia ya kurudi kwao. Na mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo hata kama mbwa ana chanjo. Kichaa cha mbwa dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona.

Watoto wetu walilia. Tuliwafungulia Suratul Kahf, aya ya 18, wakaona kuwa mbwa wa wale vijana wa pangoni ametajwa pale kizingitini, na Mola wetu hakumsahau. Mdogo wao akauliza kama Simba naye atalala kizingitini huko Bugesera. Tulimwambia tutampigia simu mwenyewe Ijumaa tumuulize, na tulipiga. Simba analala mlangoni mwa zizi.

Tunamuomba Allah atujaalie huruma kwa viumbe Wake, na ukweli katika amana zetu. Wallahu a'alam.