Dawa ya Saa Mbili Usiku

Kama unaweza kusoma maandishi yaliyo juu ya bahasha ya dawa, basi una chombo kikubwa cha kumtunza mtoto mwenye kifafa. Mimi si daktari wala mwuguzi. Mimi ni mkulima wa pamba na viazi hapa Kiloleli, mkoani Simiyu, na ni mama wa watoto wanne. Wa tatu ana kifafa. Sasa ana miaka tisa. Nataka kukueleza jinsi tunavyompa dawa na jinsi siku yake inavyokwenda. Huenda nawe unaye mtoto kama huyu, au jirani yako anaye na amemficha ndani.

Kwanza tuelewane juu ya ugonjwa wenyewe. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Ubongo hufanya kazi yake kwa umeme mdogo sana. Umeme huo ukivurugika ghafla, mtu huanguka, hukakamaa, hutupa mikono na miguu, na pengine hutoka povu. Mwingine haanguki. Hukodoa macho tu kwa muda mfupi, na ukimwita hasikii. Sababu ni nyingi: shida wakati wa kuzaliwa, kuumia kichwa, malaria iliyopanda kichwani. Wengine sababu yao haijulikani. Mwanangu aliugua malaria kali alipokuwa na miaka mitatu, akalazwa kwa degedege. Alianza kuanguka akiwa na miaka sita. Daktari alisema huenda malaria ile ndiyo chanzo.

Povu la mgonjwa haliambukizi. Mate yake hayaambukizi. Hofu hii ni ya zamani na imewaumiza watu wengi. Mwaka 1960 daktari mmoja mwanamke, Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwe, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, mkoani Morogoro. Alikuta wagonjwa wametengwa. Wengi walikuwa na makovu ya moto, maana mtu akiangukia motoni wengine waliogopa kumgusa. Aliwapa dawa iitwayo fenobabitoni, na wengi wakapata nafuu. Dawa hiyo ilianza kutumiwa kwa kifafa huko Ujerumani mwaka 1912. Ni ya bei nafuu, na hadi leo wagonjwa wengi wa vijijini hupewa hiyo. Shirika la Afya Duniani linasema hadi wagonjwa 70 kati ya 100 wanaweza kuishi bila kuanguka wakitumia dawa sawasawa.

Angalia maneno hayo: wakitumia sawasawa. Hapo ndipo penye kazi.

Bahasha ya kwanza tuliyopewa iliandikwa 1 × 1 usiku. Nambari ya kwanza ni idadi ya vidonge. Nambari ya pili ni mara ngapi kwa siku. Kwa hiyo ni kidonge kimoja, mara moja, usiku. Ingekuwa 1 × 2, angemeza kimoja asubuhi na kimoja usiku. Ndani mlikuwa na vidonge 30, yaani dawa ya siku 30. Fanya hesabu hii ukiwa bado dirishani pa dawa. Ukiambiwa urudi baada ya siku 35 na vidonge ni 30, mtoto atakaa siku 5 bila dawa. Sema papo hapo, usione haya.

Nyumbani kwetu anayetoa dawa ni mtu mmoja, mimi. Nikisafiri, ni binti yangu mkubwa. Watu wawili wakigawana kazi hii bila mpango, siku moja wote watampa, na siku nyingine kila mmoja atadhani mwenzake amempa. Saa yetu ni saa mbili usiku, redio inapoanza taarifa ya habari. Mtoto mwenyewe akiisikia huja na kikombe cha maji. Akishameza, naweka alama kwenye kalenda iliyo ukutani. Kopo la dawa linaning'inia juu darini, mbali na watoto, kwa sababu mtoto mdogo akimeza vidonge vingi vya fenobabitoni anaweza kufa.

Baada ya miezi miwili kuanguka kulipungua sana. Tulifurahi. Lakini likaja jambo jingine ambalo hatukulitegemea. Mtoto aliyekuwa mpole akawa hatulii. Anaanza kula, anaacha sahani, anakimbilia nje. Unamtuma chumvi, anarudi na kuku mkononi. Usiku anageuka geuka kitandani. Shuleni alisimama katikati ya somo, akawasumbua wenzake, akasahau alichoambiwa sasa hivi. Mwalimu mmoja alimchapa kwa ukaidi. Alichapwa tena wiki iliyofuata.

Mama mkwe wangu aliona yote haya. Siku moja aliniambia, "Mwanangu, dawa hii imemtia mtoto wazimu. Itupe. Afadhali aanguke mara moja kwa mwezi kuliko kuwa hivi kila siku."

Je, msomaji, wewe ungefanyaje? Alisema kwa mapenzi, na kwa sehemu alikuwa na haki, kama utakavyoona. Lakini mimi nilikuwa nimeambiwa kliniki, na nilikuwa nimeliandika ndani ya jalada la daftari langu: usiache dawa ghafla. Ubongo uliozoea dawa ukiikosa kwa ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Mgonjwa anaanguka mara nyingi mfululizo bila kuzinduka. Mtu anaweza kupoteza maisha kwa namna hiyo. Nilimjibu, "Mama, siitupi na wala sinyamazi. Nitakwenda kumwambia daktari yale uliyoyaona." Akakubali tungoje hadi siku ya kliniki. Zilibaki siku 12. Zilikuwa ndefu, sikufichi.

Nilikwenda na daftari. Tangu mwanzo nilichora mistari na kupata sehemu tatu: tarehe, ameanguka au hakuanguka, na tabia ya siku hiyo. Sikuandika mengi. "Hakulala." "Amepigana." "Ametulia." Daktari aliuliza swali moja ambalo sikulitegemea: je, mtoto alikuwa hivi kabla ya kuanza dawa? Alieleza kwamba wako watoto ambao hawatulii na hawawezi kushika jambo moja kwa muda, hata bila dawa yoyote. Ni hali ya ubongo, si ukaidi, na huonekana zaidi kwa watoto wenye kifafa. Katika nchi nyingine wengi wao hupewa dawa ya hali hiyo. Lakini fenobabitoni nayo inaweza kumfanya mtoto asitulie, ingawa watu wazima huwatia usingizi. Kwa hiyo ni lazima kujua ipi ilitangulia. Daftari lilijibu. Kurasa za mwanzo zilisema "Ametulia", "Ametulia". Utukutu ulianza wiki ya nne ya dawa.

Kwa hiyo mama mkwe alikuwa ameona kweli. Dawa ndiyo iliyomvuruga. Ila kuitupa lilikuwa jambo tofauti.

Daktari aliamua kumhamishia kwenye dawa nyingine, kabamazepini. Hakuondoa ya kwanza siku ile. Mpya iliingia kidogo kidogo, ya zamani ikatoka kidogo kidogo, kwa wiki nyingi. Aliniandikia karatasi: wiki ya 1, kiasi hiki cha mpya na kiasi hiki cha zamani, wiki ya 3, hivi, wiki ya 5, hivi. Pia aliniambia nikiona vipele mwilini au vidonda mdomoni nimrudishe mara moja. Na mtoto akiugua malaria, nimwambie anayemtibu kwamba anatumia kabamazepini, kwa kuwa dawa nyingine hazipatani.

Kipindi hicho kilikuwa kigumu kuliko vyote. Nilikuwa na bahasha mbili zinazofanana, na vidonge vyote vyeupe. Tulikuwa katikati ya kuvuna pamba, natoka shambani jua limezama. Nilifunga uzi mwekundu kwenye bahasha ya dawa inayotoka. Ile inayoingia nikaiacha bila uzi. Karatasi ya daktari niliibandika ukutani karibu na kalenda, na kila Jumapili binti yangu aliisoma kwa sauti mbele ya nyumba nzima: wiki hii ni wiki ya ngapi, anameza nini. Mama mkwe hajui kusoma, lakini baada ya Jumapili tatu alikuwa anaijua karatasi ile kwa moyo. Siku moja binti alishika bahasha ya uzi asubuhi, na bibi akamwambia, "Hiyo ni ya usiku." Alisema kweli.

Katika wiki hizo mtoto alianguka mara moja. Alikuwa uani. Tulifanya tulivyofundishwa. Tuliondoa jembe na mawe yaliyokuwa karibu, tukamwekea kanga chini ya kichwa, tukamgeuza ubavu ili mate yatoke. Hatukumshika kwa nguvu. Hatukumtia kijiko mdomoni, maana huvunja meno na kuziba pumzi. Nilitazama saa: dakika 2. Zikizidi 5, au akianguka tena kabla hajazinduka, ni safari ya hospitali hapo hapo.

Baada ya miezi mitatu alirudi kuwa mtoto wetu. Si mpole kabisa. Ni mtoto wa kiume wa Kisukuma, ana ng'ombe wa kukimbiza. Lakini alikaa akala sahani yake hadi mwisho.

Ile ratiba tuliyomwekea wakati wa utukutu hatukuiacha, kwa sababu inamfaa. Anaamka saa kumi na mbili na nusu. Ananawa, anakunywa uji, anameza dawa ya asubuhi, ndipo anavaa. Mpangilio ni ule ule kila siku. Nampa kazi moja kwa wakati mmoja. Nikisema, "Leta kuni, ufunge mbuzi, kisha ukamwite baba," atafanya ya kwanza tu. Nikisema, "Leta kuni," analeta. Hakai karibu na moto bila mtu mzima. Tuliinua jiko kwa udongo hadi kufikia kiuno. Kwenye lambo hunywesha ng'ombe akiwa na kaka yake, kamwe si peke yake, na haogi humo. Hapandi miti. Mengine yote anafanya kama wenzake.

Usingizi ndio unaotupa taabu zaidi. Kukesha huamsha kifafa. Baada ya mavuno, ngoma za Bagika na Bagalu zikilia, kila mtoto anataka kwenda na kuchelewa. Naye huenda, lakini mchana. Jua likizama anarudi kwa ajili ya dawa na kulala. Hulia. Mwaka jana baba yake alirudi naye, akakosa mashindano ya mwisho, na hakulalamika sana.

Kuhusu shule, nilikwenda na daftari lile lile pamoja na kadi ya kliniki. Nilimsalimu mwalimu wa darasa, nikamwonyesha kurasa, nikamweleza kifafa ni nini. Alikuwa hajawahi kuelezwa. Sasa mtoto anakaa mbele. Akianza kuhangaika, mwalimu humtuma kufuta ubao au kukusanya madaftari, kisha anarudi kuandika. Viboko vya kutotulia vimekwisha. Wenzake wawili wamefundishwa kumgeuza ubavu akianguka.

Lipo tatizo ambalo halijaondoka. Mara mbili tumefika kituoni tukaambiwa dawa imekwisha, tukalazimika kununua dukani mjini. Kwa hiyo tunakwenda vidonge vikiwa bado vya siku kadhaa, hatungoji kopo liwe tupu. Na kila mauzo ya pamba tunatenga fedha ya dawa kabla ya kununua kitu kingine. Mume wangu alibisha mwaka wa kwanza. Habishi tena.

Sasa ni miezi 14 hajaanguka. Daktari amesema ikifika miaka miwili kamili, ataangalia kama dawa inaweza kupunguzwa, polepole, yeye mwenyewe akisimamia. Imebaki miezi 10. Leo kopo lina vidonge 22. Kliniki ni baada ya siku 9. Anameza viwili kwa siku, yaani 18. Vitabaki 4.