Vazi la Miguu kwa Mpanda Pikipiki

Katika zama zetu hizi pikipiki imekuwa ndiyo punda wa kila nyumba. Ndiyo impelekayo mgonjwa hospitali usiku, ndiyo ichukuayo gunia la makaa, na ndiyo iwalishayo vijana wengi waliomaliza masomo wasipate kazi. Hata sisi waalimu wa chuo, tukaao pande za Ukunda, ndiyo itufikishayo kwa watoto wa vijiji vya ndani ambako matatu hazifiki. Basi hatuandiki haya kuilaumu pikipiki wala waipandao. Twataka kusema juu ya jambo moja tu, nalo ni nguo ya miguu.

Sheria ya barabara ya Kenya yamtaka mpandaji na abiria wake wavae kofia ngumu, na koti lenye vitambaa ving'aavyo. Hiyo ni sheria njema, na kila mwenye akili aifuate. Lakini suruali haikutajwa. Na pale ambapo sheria imenyamaza, ndipo mtu apaswapo kuuliza akili yake mwenyewe, na wazazi wapaswapo kumwuliza kijana wao: Je, miguu umeivika nini? Kwani pikipiki ikianguka huanguka kwa ubavu, na mguu ndio uliopo chini yake.

Kijana mmoja tuliyemfundisha tangu alifu hadi akahitimu alipata pikipiki kwa mkopo, akawa achukua abiria na kumtunza mama yake na nduguze wawili. Jioni moja gurudumu la mbele liliteleza mchangani penye kona, akaburuzika hadi kwenye lami. Kofia alikuwa nayo, na kichwa kilisalimika. Lakini miguuni alikuwa na suruali nyepesi ya michezo, ya nailoni. Tulipokwenda kumjulia hali tulimkuta muuguzi akitoa vipande vya nguo ile katika nyama ya paja, kimoja kimoja, na kijana ameuma shuka asipige kelele. Mama yake akatuambia, "Maalimu, sikujua kwamba nguo yaweza kuungua juu ya mtu asiyegusa moto." Alikaa miezi mitatu bila ya kazi. Mkopo haukumngoja, pikipiki ikachukuliwa na mwenyewe, na wale wadogo wakakaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo.

Tangu siku ile tumekuwa tukiwausia vijana wetu kwamba miguu ya mpandaji ina maadui wanne: lami, pigo, moto, na nguo yenyewe.

Adui wa kwanza ni lami. Mtu aendaye kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 katika kila sekunde moja. Akianguka kwa mwendo huo, huburuzika kwa muda wa sekunde mbili au zaidi kabla ya kusimama. Nailoni na poliesta nyepesi ni jamaa ya plastiki. Zikisuguliwa hupata joto, zikayeyuka na kugandamana na ngozi. Jinzi ya kawaida haigandamani namna hiyo, lakini nayo katika mashine za kupimia nguo hutoboka kabla ya sekunde moja kutimia. Ziwezazo kuhimili ni ngozi nene ya ng'ombe, au nailoni nzito iliyofumwa makusudi kwa kazi hii na kutiwa kitambaa cha pili ndani, au jinzi iliyochanganywa na nyuzi za aramidi. Katika nyuzi hizo iliyo mashuhuri ni Kevlar, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1965 na mwanakemia Bibi Stephanie Kwolek. Tena yafaa kutazama mishono kabla ya kutazama rangi: mshono uliopigwa mara mbili au tatu hushika, na wa uzi mmoja hufumuka, na kitambaa chema kikabaki hakina faida.

Adui wa pili ni pigo. Kitambaa, hata kiwe kigumu vipi, hakilindi pia ya goti ikigonga jiwe. Kazi hiyo ni ya kikinga kiwekwacho ndani ya suruali, katika mfuko wake, penye magoti na nyonga. Vikinga vya kweli vyaandikwa alama ya kipimo cha Ulaya, EN 1621-1, na daraja ya 1 au ya 2. Daraja ya 2 ndiyo ipunguzayo pigo zaidi. Sifongo laini la godoro lililokatwa na kutiwa mfukoni si kikinga, ijapokuwa kwa macho vyafanana.

Adui wa tatu ni moto wa bomba la moshi. Katika pikipiki nyingi ndogo za hapa kwetu bomba hilo liko upande wa kulia, na wengi waliounguzwa shavu la mguu ni abiria washukao upande huo. Watoto wafundishwe kupandia na kushukia kushoto, na wasipande wakiwa na kaptula. Aliyeungua atiwe maji baridi yatiririkayo kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno wala unga.

Adui wa nne ni nguo yenyewe inapopepea. Hapa hatuna budi kusema waziwazi, kwani jambo latuhusu sisi wenye kanzu na wake zetu wenye mabuibui. Pindo la kanzu au buibui likiingia katika mnyororo au spoki za gurudumu la nyuma, hujiviringa mara moja na kumvuta aliyelivaa. Mwanamke akaaye upande mmoja, na buibui limening'inia, yumo katika hatari kubwa kuliko aendeshaye. Na avae suruali pana nzito ndani, akae kwa kutanua miguu, na pindo alikusanye na kulikalia kabla pikipiki haijaondoka. Stara haipungui kwa hayo, bali huzidi, kwani nguo iliyonaswa hairarui kitambaa peke yake, humfunua mtu mbele ya watu.

Sisi kanzu yetu huikunja tukaitia mkobani, tukaivaa tufikapo. Mzee mmoja wa kijiji alitukuta tukishuka, akacheka akasema, "Maalimu, leo umekuja kama fundi wa magari!" Tukamjibu, "Mzee wetu, fundi wa magari jioni hurudi kwake kwa miguu miwili." Akatutazama kitambo, kisha akatuuliza suruali ile yauzwa wapi, maana mjukuu wake naye ni mwendeshaji.

Swali lake ndilo la kila mzazi, nasi twajibu hivi. Suruali mpya ya pikipiki iliyopimwa Ulaya ina kibandiko ndani chenye nambari EN 17092 na herufi. AAA ndiyo ngumu kuliko zote, kisha AA, kisha A. Yenye B huhimili msuguano kama A lakini haina vikinga vya pigo, na C ni ya kushikilia vikinga tu, huvaliwa pamoja na nguo nyingine. Kwa mwendo wa mjini na joto letu la pwani, A au AA iliyovaliwa kila siku ni bora kuliko AAA iliyotundikwa ukutani kwa sababu ya jasho. Ziko pia zenye sehemu za wavu mbele ya mapaja zipitishazo upepo. Asiye na uwezo wa mpya aende Kongowea atafute kwenye mitumba, maana mara nyingine hushuka suruali za ngozi na za vikinga zilizovaliwa kidogo. Na azikague kwa subira: ngozi isiwe imekauka ikapasuka, mishono iwe mizima, zipu ifungike. Akikosa kabisa, ashike jinzi nene, na chini yake au juu yake afunge vikinga vya magoti na miundi vyenye mikanda. Hilo si kamili, ila ni bora kuliko nailoni ya michezo.

Kipimo cha mwisho hufanywa juu ya pikipiki, si mbele ya kioo. Keti, kunja magoti, shika mikono ya usukani. Je, kikinga kimekaa juu ya goti, au kimepanda pajani? Pindo lafika juu ya kiatu, au limeacha kifundo wazi? Vuta suruali kwa nguvu hapo chini; ikipanda kwa mkono wako, itapanda zaidi kwa lami. Kwa vijana wetu twaongeza swali jingine: Je, yakunjika kwa ajili ya udhu, na vikinga vyatoka upesi wakati wa sala? Nguo itakayomtaabisha mtu mara tano kwa siku ataiacha nyumbani kabla ya mwezi kwisha. Na ndara zisivaliwe. Buti lifikalo juu ya kifundo ndilo ndugu wa suruali.

Tusije tukadhaniwa kwamba twaahidi miujiza. Suruali haizuii mfupa wa paja kuvunjika gari linapomgonga mtu, wala haimpi ruhusa mwenda kasi. Lakini faida yake imeonekana. Mwaka 2011 ulichapishwa uchunguzi wa Australia juu ya wapandaji 212 walioanguka. Wale waliovaa suruali za pikipiki walilazwa hospitali kwa kadiri ya nusu tu ya wasiozivaa. Watafiti hao hao wakaona kwamba zaidi ya robo ya suruali hizo zilishindwa kuhimili ajali. Basi si kila kiitwacho kinga ni kinga, na ndiyo maana tumerefusha maneno juu ya kuchagua.

Enyi wazazi, mtoto wenu akipata pikipiki, fedha hutoka kwa ajili ya redio, taa za rangi na kiti cha kung'aa. Tungependa kuona katika nyumba zetu desturi mpya: pikipiki isitoke uani siku ya kwanza mpaka suruali, buti na vikinga viwe vimekwisha nunuliwa, na viingizwe katika hesabu ya mkopo tangu mwanzo. Hiyo si anasa. Mguu wa kijana yule ndio uliokuwa unga wa nyumba ile, karo ya wale wadogo, na dawa ya mama yao. Aulindaye mguu huo ameilinda nyumba nzima.