PETE AU MASTA? Mwalimu wa Msangano, mchumba wa Tunduma na ua la ufuta lililomtoa machozi

Pete ilishanunuliwa. Bei ya ukumbi ilishaulizwa. Grupu la WhatsApp la kamati ya harusi lilishafunguliwa, na mwenyekiti alishaanza kuposti orodha ya ahadi kila jioni, jina kwa jina, ili wenye madeni waone aibu. Halafu bibi harusi mtarajiwa akaomba kikao na mchumba wake. Wakakaa kwenye kibanda cha chipsi jirani na stendi ya Tunduma, Oktoba 2022, akamwambia amepata nafasi ya kusoma masta.

Jamaa alifurahi, ukweli usemwe. Akauliza, "Masta ya nini, mama?"

"Mitaala na ufundishaji."

"Mitaa?"

"Mitaala."

Jamaa akacheka mpaka soda ikampalia. "Yaani unaenda chuo kusomea mitaa? Ukirudi si utagombea uenyekiti wa mtaa!"

Alipomaliza kucheka akauliza swali ambalo kila mtu angeuliza. "Ukimaliza unaongezewa shingapi?"

Mwalimu akakaa kimya. Hakuna mtu aliyekuwa amemwahidi hata shilingi.

JAMAA HAKUWA MTU MBAYA

Kabla hujaanza kumtukana jamaa, tulia kwanza. Ni wakala wa forodha pale mpakani, kazi yake kuhangaika na makaratasi ya malori yanayovuka kwenda Nakonde, Zambia, na mengine yanayoendelea mpaka Kongo. Mjini Tunduma kila kitu kinahesabiwa: lori likilala siku moja ni hela, karatasi ikikosewa namba moja ni hela. Mtu aliyekulia kwenye hesabu hizo akiuliza faida iko wapi, hajakosea kuuliza.

Na pamoja na maswali yake, alitoa. Ada ya awamu ya kwanza, 750,000, ilitoka mfukoni mwake. Harusi ikasogezwa mwaka mzima. Mwalimu akaenda kuchukua ruhusa ya masomo kwa mwajiri, akakopa benki mkopo wa kukatwa kwenye mshahara, akapanda basi kwenda Mbeya, kilomita 100 na ushee kutoka Tunduma.

Mwalimu mwenyewe ni binti wa Msangano, wilaya ya Momba, kule bondeni kwenye joto, kwenye mpunga na ufuta. Mama yake ni mkulima. Alisoma hukohuko, akaenda chuo, akapangiwa kazi, na kwa bahati akarudi kufundisha Biolojia kwenye sekondari ya nyumbani. Miaka 6 ubaoni. Wanafunzi walimpenda kwa sababu mwandiko wake ulikuwa safi na hakuwahi kukosa kipindi.

HII MITAALA NI KITU GANI HASA?

Wengi wanajua Uhasibu, Sheria, Rasilimali Watu. Ukisema mitaala watu wanakutolea macho. Lakini kila aliyekaa darasani Bongo amelishwa mtaala, apende asipende.

Mwaka 1949 Mmarekani mmoja, Ralph Tyler, aliandika kitabu kidogo chenye maswali manne, na mpaka leo wanaosoma fani hii wanaanza nayo. Shule inataka kufikia nini? Mtoto apitie mambo gani ili lengo lifikiwe? Mambo hayo yapangweje? Na utajuaje kama lengo limefikiwa? Basi. Ni maswali ambayo hata mama anayemfundisha binti yake kupika ugali anayajibu bila kujua.

Hapa kwetu wenye kazi ya kuandaa mitaala ya shule ni Taasisi ya Elimu Tanzania, TET. Na mitaala yetu imebadilika sana. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alileta Elimu ya Kujitegemea, akilalamika kwamba shule zinawatenga watoto na maisha ya kwao. Mwaka 2005 sekondari zikaletewa mtaala wa umahiri, yaani mwanafunzi asipimwe kwa alichokariri, apimwe kwa anachoweza kufanya. Januari 2024 mitaala mipya ikaanza kutumika kwa awamu, na mafunzo ya amali yamepewa nafasi kubwa.

Kwenye makaratasi ni miaka mingi sasa tunasema tusikariri. Darasani je? Ndo hapo sasa.

CHUO CHA KANISA

Vyuo vikuu vya makanisa Tanzania ni vingi. Wakatoliki wana SAUT kule Mwanza, Walutheri wana Makumira Arusha, Waanglikana wana St. John's Dodoma, Wamoravian wana TEKU hapo Mbeya kilichopewa jina la Askofu Teofilo Kisanji. Chuo alichosoma mwalimu huyu hakitajwi, stori ni ya kwake.

Alikwenda akidhani ataombewa sana na kusoma kidogo. Ibada zilikuwepo kweli, na kwaya ilikuwa moto. Lakini darasani alikaa na mtawa mmoja, mkuu wa shule kutoka Chunya, na mwalimu Mwislamu kutoka Kyela aliyekuwa anaongoza kwa maksi. Wote walikuwa na hofu moja, ya mzee aliyewafundisha nadharia ya mitaala. Mchungaji mstaafu, shati la mikono mirefu, sauti ya chini. Anafungua kipindi kwa sala ya nusu dakika, halafu anauliza swali linalomkosesha mtu usingizi.

Siku ya kwanza aliuliza, "Kipindi chako cha mwisho ulifundisha nini?" Kila mtu akajibu kwa mbwembwe. Mwalimu wa Msangano akasema uzazi wa mimea yenye maua, Kidato cha Tatu.

"Vizuri. Wao walijifunza nini?"

Darasa zima kimya.

"Mtanijibu mkishakwenda kuwauliza," mzee akasema, akageukia ubao.

Walisoma kuhusu Paulo Freire, Mbrazili aliyesema elimu nyingi ni kama benki: mwalimu anaweka hela, mwanafunzi anatunza, siku ya mtihani zinatolewa zilezile. Mwalimu akatabasamu alipoisoma hiyo. Alijua walimu wengi wa hivyo. Yeye hakujihesabu.

FREMU YA TUNDUMA

Desemba 2023 ndo mambo yakaharibika. Msimamizi alishamrudishia andiko la utafiti mara 3. Tarehe ya harusi imefika. Jamaa akaja Mbeya na habari njema: amepata fremu Tunduma, sehemu nzuri kabisa, kalipia kodi ya miezi 6, mwalimu ataweka duka la vipodozi. Wafunge ndoa, masomo yaishie hapo, aombe uhamisho, maisha yaanze.

"Nimekusubiri mwaka," akamwambia. "Nikusubiri tena ili urudi kulekule, ufundishe kitu kilekile, kwa mshahara uleule? Mimi nataka mke, mama. Chagua."

Alilia usiku mzima. Miaka yake 31, shangazi zake wanapiga simu kwa zamu, grupu la harusi linauliza sare ni rangi gani. Asubuhi akamrudishia pete mkononi, si kwa kutuma mtu. Alimwambia kuna swali ameulizwa na hajalijibu, na akiolewa bila kulijibu atakuwa mke mwenye hasira.

Jamaa hakuelewa. Na kusema kweli, nani angeelewa?

Grupu lilivunjwa siku hiyohiyo. Watu wakatoka mmoja mmoja, wengine wakibakiza ujumbe wa "Mungu ana makusudi", wengine wakiulizia michango yao.

UA LA UFUTA

Aprili 2024 alirudi Msangano kukusanya taarifa za utafiti. Alikaa nyuma ya madarasa akiangalia wenzake wakifundisha, daftari mkononi. Ofisi ya walimu ikapoa. Wakambandika jina la Mpelelezi. Akingia, stori zinakatika. Aliwaeleza kwamba kwenye tasnifu hakuna jina la mtu, ni Mwalimu A na Mwalimu B tu. Mmoja akamjibu, "Sisi wote tunajua A ni nani."

Sehemu ya pili ilikuwa kuwahoji waliomaliza Kidato cha Nne. Hapo ndo akamfuata binti mmoja aliyemfundisha mwenyewe, aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono kila kipindi. Matokeo yalitoka Januari, hakuchaguliwa kuendelea, na Biolojia alipata F. Alimkuta shambani kwao, jembe mkononi, ufuta umechanua mweupe mpaka mwisho wa macho.

Binti alifurahi kumwona. "Madam, wewe ulikuwa unafundisha vizuri sana. Ulikuwa unajaza ubao wote!"

Mwalimu akamwomba amtajie sehemu za ua. Binti akasimama wima kama yuko darasani, akazimwaga zote kwa Kiingereza bila kupumua: stameni, filamenti, antha, pistili, stigma. Hakukosea hata moja. Mwalimu akachuma ua moja la ufuta, akampa.

"Sasa nionyeshe antha hapo."

Binti akaligeuza ua. Akaligeuza tena. Akacheka kwa aibu.

"Madam, hili ni ua la ufuta. Lile lilikuwa ua la Biolojia."

Hakuwa anatania. Kwa miaka minne aliamini kuna ua lingine, la ubaoni, ambalo halioti Msangano.

Mwalimu akamuuliza basi hili la ufuta analijuaje. Binti akaanza kueleza kwa Kiswahili, na hapo akabadilika kabisa. Alisema nyuki wanaingia ndani asubuhi na wanatoka na vumbi mgongoni. Alisema ua likishadondoka ganda la mbegu linaanza kukua palepale lilipotoka. Na kwamba ukichelewa kuvuna, ganda linapasuka lenyewe, ufuta wote unamwagika chini na mwaka wako umeisha.

Uchavushaji, utungaji wa mbegu, usambazaji wa mbegu. Mada nzima ilikuwa kichwani kwa yule binti kabla hata hajaingia Kidato cha Kwanza. Shule kutoka kwenye shamba lile ni mwendo wa dakika chache. Miaka 6 mwalimu hakuwahi kuwatoa wanafunzi nje kwenda kuliangalia. Alikuwa anajaza ubao.

Aliaga haraka, akaenda kukaa chini ya mwembe, akalia kuliko alivyolia kwa ajili ya pete. Mwalimu A alikuwa yeye.

AMERUDI NA NINI?

Alimaliza, akavaa joho, akarudi. Hakurudi na gari. Alishuka kwenye bodaboda na begi lake lilelile, na vijana wa kijiweni wakasema masta imerudi na vumbi. Mshahara haujapanda, mkopo unakatwa kila mwezi. Ile 750,000 ya jamaa aliirudisha yote, mama yake aliuza ufuta kumsaidia kumalizia. Jamaa hakuwa ameiomba. Alijibu kwa maneno mawili, "Asante mwalimu," na miezi michache baadaye akaoa. Fremu ile ina duka la vipodozi, na linaenda vizuri.

Darasani sasa anaanza nje. Wanafunzi wanaleta maua, wanayapasua kwa wembe, wanabishana kwa Kiswahili kwanza, wengine Kinyamwanga kabisa, halafu ndo wanaingia ndani kutafuta Kiingereza chake, kwa sababu mtihani wa taifa unakuja kwa Kiingereza na haumsubiri mtu. Si kwamba mambo ni mteremko. Kelele zinawaudhi wenzake, mada zinachelewa kuisha na inabidi afundishe Jumamosi bila malipo. Kuna wazazi wanalalamika kwamba madaftari ya watoto yana maandishi machache.

Na jioni tatu kwa wiki anapita kwa yule binti, ambaye amejisajili kurudia mtihani. Halipwi. Anasema hilo ni deni.

Juzi mama yake aliikuta tasnifu mezani, jalada gumu, maandishi ya dhahabu. Hajui Kiingereza. Akaifungua katikati, akaifunga.

"Mwanangu, humu umeandika nini?"

Mwalimu akafikiria namna ya kufupisha kurasa zote zile. "Nimeandika kwamba nilikuwa naongea sana, mama, na watoto hawajifunzi."

Mama akaitazama ile tasnifu, akamtazama yeye. "Na ufuta wangu wote ule ndo walikutoza kukwambia hivyo?"

Wakacheka mpaka majirani wakachungulia. Halafu mama akaifuta vumbi kwa khanga yake, akaipeleka kwenye kabati la vyombo vya wageni.

Wadau, ungekuwa wewe pale kwenye fremu ya Tunduma ungechagua nini? Na kuna mwalimu yeyote aliyewahi kukutoa nje ukaelewa kitu? Funguka kwenye komenti, majina ya watu tusiyataje.