Fensi Yenu Inaficha Nini?

Wasee, leo tuongee kuhusu fensi. Najua wengi wenu mlikuja hapa mkidhani nitamalizia ile stori ya wiki jana. Ngojeni kidogo. Hii ni muhimu.

Ukipita mtaa wowote mpya nje ya Nairobi, iwe Kitengela, Joska, Kamulu ama Juja Farm, unaweza kusoma watu kabla hata hujawaona. Seng'enge na vigingi vya mbao: huyu amenunua ploti na anaogopa isije ikauziwa mtu mwingine. Mabati: ameanza kujenga. Kayaba iliyokatwa vizuri: hawa wamekaa. Ukuta wa mawe na vipande vya chupa juu: hapa kuna pesa, ama kuna mtu alishawahi kuibiwa. Ukuta na waya za stima juu: hapa kuna pesa NA mtu alishawahi kuibiwa.

Sisi tuko Kitengela. Ploti ni 50 kwa 100. Mathe aliinunua polepole kwa pesa ya chama na ya mitumba, akajenga vyumba vitatu, tukahamia kabla hata ya kupaka rangi. Fensi ilikuwa waya tu. Miaka mitatu hakuna mtu alijali. Mbuzi za jirani zilikuwa zinaingiza shingo kukula sukuma zetu. Shosho wa ng'ambo ya barabara alikuwa anatuona tukianika nguo, na sisi tulikuwa tunamwona akichambua mboga. Maisha yalikuwa fiti.

Halafu mimi nikaacha chuo.

Sitaeleza sana. Mwaka wa pili karo ilikwama, kazi ya simu ikaanza kulipa, nikapiga hesabu, nikarudi home. Sijutii, na hiyo si stori ya leo. Stori ya leo ni kwamba mwezi mmoja baada ya mimi kurudi, mathe alianza kutaka fensi. Tena si fensi ya kawaida.

Alikuwa ameona video kwa simu yangu. Mnazijua zile za Marekani, jamaa anaweka fensi nyeupe ya plastiki, imenyooka kama meno ya mtangazaji wa TV. Wanaiita vinyl, lakini ni PVC tu, ukoo mmoja na zile paipu za maji. Nguzo ni bomba la mraba lenye mashimo. Linasimamishwa kwa kokoto na simiti, reli moja inaingia chini, mbao za plastiki zinapangwa zikishikana ubavu kwa ubavu, halafu reli nyingine inafunika juu. Haipakwi rangi, haiozi, mchwa hawaitaki. Ikichafuka unaiosha kwa hosi. Kule miji mingi iko na sheria: nyuma ya nyumba unaweza kwenda kama futi sita, mbele uende chini zaidi. Hiyo ya mbele kuwa fupi mkumbuke, tutairudia.

Mathe akasema, "Hii nyeupe. Hii ndio nataka."

Tuliita fundi. Alitazama video mpaka mwisho, akarudisha simu kwa heshima, akasema, "Mum, hiyo ni maridadi. Sasa tuongee ya Kitengela." Akapiga hesabu chini kwa kijiti. Ploti ya 50 kwa 100 mzunguko wake ni futi 300. Toa geti ya futi 12, unabaki na 288. Nguzo kila futi 8, hizo ni kama 37. Bati moja likilaliana na lingine linafunika kama futi mbili na nusu, kwa hivyo ni kama mabati 115. Mbao za kushikilia ni mistari miwili kuzunguka, karibu futi 580. Zidisha na bei ya hadwea ya kwenu, halafu keti chini.

Na bado kuna udongo. Kama umeishi huku unajua ile udongo nyeusi yetu. Mvua ikinyesha inafura, jua likiwaka inapasuka mpaka unaweza kupoteza slipa kwa ufa. Kuta za watu zinapasuka juu yake na nguzo zinalala kama walevi. Fundi akasema atachimba futi mbili na nusu kwenda chini na kumwaga zege, la sivyo tutamwita tena mvua ikiisha.

Mathe akauliza, "Urefu?"

"Futi sita na nusu iko sawa."

"Nataka nane. Nataka isionekane kitu. Hata kichwa ya mtu amesimama."

Fundi akacheka. "Mum, uko na ng'ombe ama uko na siri?"

Mathe hakucheka. Hapo ndipo nilishtuka.

Usiku tukitoa maganda ya viazi nikamuuliza. Alinyamaza kidogo, halafu akasema bila kuniangalia, "Kila Jumapili naulizwa shule zinafunguliwa lini. Kila Jumapili. Wengine wananiuliza mbona huyu msichana anaongea peke yake huko nje." (Hiyo ni mimi nikishuti video. Sawa, nakubali, ukiwa mbali inakaa vibaya.) "Na kuna mmoja aliniuliza nikinunua nyanya, kama uko na mimba."

"Ukasema?"

"Nikasema nipewe nyanya za mia."

"Sasa ukiweka futi nane watanyamaza?"

"Wasipokuona hawataniuliza."

Aki hiyo iliuma. Tukaendelea na viazi. Baadaye akaongeza kwa sauti ya chini, "Mimi sikuonei aibu, mama. Nimechoka kujibu tu."

Nimefikiria hayo maneno kwa muda mrefu, na ndio maana naandika. Najua si mathe pekee. Kuna wengi wenu mnasoma hii mkiwa ndani ya nyumba saa tano asubuhi, na kuna mtu mzima hapo kwenu anapanga vile hutaonekana. Uliacha shule, ama ulimaliza na kazi haijapatikana, ama ulirudi na mtoto, ama ulirudi kutoka Gulf bila kitu. Ghafla fensi inapanda, pazia inakuwa nzito, wageni wanapokelewa kwa geti.

Sasa kabla mniambie napinga faragha, hapana. Faragha ni haki, na si kitu tuliletewa na wazungu. Nenda Lamu. Zile nyumba za mawe za mji wa kale, ule UNESCO waliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, zilijengwa na watu waliofikiria hii kitu kwa kina. Kuta ni nene. Mlango uko ndani ya daka, kile kiukumbi chenye viti vya mawe pande mbili, ambapo mgeni anaketi kwanza. Ukipita mlango, njia inapinda, kwa hivyo mtu wa barabarani hata akichungulia haoni ndani. Katikati kuna kiwanda kinachofunguka kwa anga, na watu wa nyumba wanapata jua na upepo bila kuonwa. Lakini nje ya hizo hizo nyumba kuna mabaraza. Watu wanaketi, wanasalimiana, wanaona nani amepita. Ndani ni yao, mlangoni ni pa wote.

Sisi huku tumechukua ile ya kufunga, baraza tukaisahau.

Na hii kitu ina gharama. Kuna nyumba kwa laini yetu, ukuta wa mawe mrefu, geti nzito isiyo na hata tundu. Mchana mmoja pikapu iliingia, geti ikafungwa, ikakaa kama saa mbili, ikatoka. Walibeba kila kitu mpaka mtungi wa gesi. Sisi majirani tulisikia vitu vikigongana tukadhani wanahama. Kwetu na kawaya ketu, kijana mmoja aliwahi kusogea karibu na tangi, na shosho akapiga nduru kutoka ng'ambo mpaka kijana akaacha kiatu kimoja. Mnakumbuka Nyumba Kumi, ile serikali ilianzisha 2013 ili tujuane na majirani kwa ajili ya usalama? Utajuaje nyumba kumi kama hujawahi kuona dirisha la hata moja?

Hata wanyama wa huku wanajua hii stori kuliko sisi. Nairobi National Park iko tangu 1946. Upande wa mji imezungushiwa fensi, lakini upande wa kusini, ukivuka mto Mbagathi, iko wazi, na nyumbu na punda milia wamekuwa wakitoka kuja nyanda za Kitengela na Athi-Kapiti kutafuta malisho. Kuanzia mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kulipa wenye mashamba ili WASIFENSI. Kwa sababu fensi moja mnyama anaizunguka. Zikiwa mia mbili zimefuatana, njia imekufa, na hakuna mwenye ploti hata mmoja anahisi ni yeye ameiua.

Mtaa ni hivyo hivyo. Hakuna mtu mmoja aliyeamua tusijuane.

Turudi kwa mathe. Nusu ya pesa ya fensi ilikuwa inatoka kwangu, kwa hivyo nilikuwa na sauti. Nilimwambia hivi: "Mum, wakiacha kuniona, hiyo mimba itafika miezi tisa bila mimi kujua. Utaulizwa mtoto anaitwa nani." Hapo alicheka, mpaka akaweka kisu chini. Halafu tukaanza kuongea kama watu wawili wenye ploti, si mama na shida yake.

Nilimuuliza anataka kuficha nini, tukatoa ile ya kunificha mimi. Akataja bafu. Nguo za ndani kwa kamba. Mahali anaweza kukaa na nywele wazi Jumamosi bila mtu kumwita. Mimi nikasema nataka mahali pa kushuti bila watoto kunipungia mkono nyuma. Hizo zote ziko nyuma na kando. Mbele hakukuwa na kitu cha kuficha ila mimi nikitoka na kuingia.

Kwa hivyo tuliweka mabati nyuma na kando mbili. Futi 250, mabati 100, urefu futi sita na nusu. Geji 30, si 32. Kama hujui, namba ikiwa ndogo bati ni nene, msidanganywe na bei ya hadwea. Fundi aliacha nafasi ndogo chini ili bati lisilale kwa matope likaoza mapema. Mbele tukabakisha waya na geti unayoweza kuona kupitia. Pale futi 38 zilizobaki tukapanda kayaba, miche 76, mistari miwili, futi moja moja. Kayaba asili yake ni Afrika Kusini, miiba yake haina huruma, na matunda yake ni machungu mpaka sikio linasimama. Inavumilia kiangazi, na huku kwetu hiyo ni sifa kubwa.

Sasa nyuma ni dunia yetu. Mathe anakaa jua la Jumamosi bila kitambaa. Mimi nashuti kwa amani. Mbele, shosho bado anatuona. Asubuhi nikitoka kununua mkate ananisalimia, nami namsalimia, na anaona tumbo langu liko vile liko.

Maswali hayajaisha, tusidanganyane. Lakini Jumapili moja tukitoka kanisani, yule wa nyanya aliuliza tena, "Na huyu bado yuko tu nyumbani?" Mathe alisimama, akashika mkoba wake vizuri, akasema, "Ndio, yuko nyumbani. Ndiye alilipa nusu ya hiyo fensi unaipitia kila siku." Tukaenda zetu. Njiani hakusema kitu, mimi pia sikusema. Tulinunua nyama.

Kwa hivyo, kabla ya kujaza mabati kwa gari, kaeni chini kwenu mwulizane: tunaficha nini? Kama jibu ni bafu, nguo, watoto wakicheza, mwizi, weka. Weka nzuri, chimba chini, nunua geji ya maana. Kama jibu ni mtu mmoja hapo ndani ya nyumba, hakuna fensi inauzwa ya urefu huo. Hiyo inahitaji mtu wa kujibu barabarani mara moja, kwa sauti ya kusikika.

Kayaba yetu sasa imefika magotini. Itachukua kama miaka miwili, mitatu hivi kushikana. Siku itafika usawa wa macho tutakuwa na kikao kingine: tuikate ama tuiache ipande. Mimi nitasema tukate. Mathe bado hajasema.